Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Anwani za Ruta, Upakuaji Unaokatika na Fayawoli ya Nyumbani

Matatizo mengi ya intaneti ya nyumbani huwa makubwa kwa sababu mtu alianza kubadilisha mipangilio kabla ya kutazama. Ruta inarudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, nywila aliyopewa na mtoa huduma inapotea, fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) inazimwa na kusahaulika, na chanzo cha tatizo bado kiko palepale. Kwa hiyo katika majibu yote haya nasisitiza jambo moja: soma kwanza anwani ya IP ya kifaa chako, kama 192.168.1.102. Namba zile nne hueleza mengi kuliko taa za ruta.

Simu inasema imeunganishwa na Wi-Fi, lakini intaneti hakuna. Nianzie wapi?

Kwenye simu, fungua maelezo ya mtandao uliojiunga nao utafute anwani ya IP. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `ipconfig /all`. Kwenye Linux andika `ip addr`.

Anwani ikianza na 192.168, au na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, ruta imekujibu na tatizo liko mbele zaidi: huenda ruta yenyewe haina intaneti, au majina ya tovuti hayageuzwi kuwa anwani, au kuna sheria ya fayawoli inayozuia. Ikianza na 169.254, kifaa kiliomba anwani na hakikujibiwa. Na kama ni ya kawaida lakini si ya ukoo wa ruta yako, yaani namba tatu za mwanzo hazifanani, kwa mfano ruta ni 192.168.1.1 na wewe una 192.168.0.23, basi nyumbani mwako kuna kifaa kingine kinachogawa anwani bila wewe kujua.

Kila hali kati ya hizo tatu ina jibu lake hapa chini. Usizichanganye.

Anwani "kupangishwa" maana yake nini?

Ruta haikupi anwani iwe yako daima. Inakupangisha kwa muda, kama chumba, na muda ukikaribia kwisha unaomba kuendelea. Utaratibu huo unaitwa DHCP, na kanuni zake zinazotumika hadi leo ziliandikwa mwaka 1997 katika waraka wa RFC 2131.

Mazungumzo yake ni ya hatua nne. Kifaa kinatangaza kwa mtandao mzima kwamba kinatafuta anwani, ruta inapendekeza moja, kifaa kinaiomba rasmi, ruta inathibitisha. Ruta husikiliza kwenye poti (mlango wenye namba) 67 ya UDP, njia mojawapo ya kutuma data, na kifaa kwenye poti 68. Baada ya hapo kimya, mpaka nusu ya muda wa pango ipite, ndipo kifaa kinaiendea ruta ileile moja kwa moja na kuomba kuongezewa. Kikikosa jibu kinaendelea kujaribu, na inapofika asilimia 87.5 ya muda kinaanza kutangaza tena kwa ruta yoyote itakayosikia. Muda ukiisha bila jibu, kifaa hakina budi kuiachia anwani hiyo, na kila kilichokuwa kinapitia hapo kinakatika.

Kumbuka ile nusu ya muda. Itarudi kwenye swali la upakuaji.

Kwa nini anwani yangu inaanza na 169.254?

Kifaa kimejipa chenyewe anwani ya dharura baada ya kukosa jibu. Anwani hizo zinaweza kuzungumza na jirani aliye kwenye waya uleule, lakini haziendi intaneti.

Jaribu kifaa cha pili. Kama simu ya pili inapata anwani vizuri, tatizo ni la kifaa cha kwanza: kwenye Windows toa amri ya `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`, kwenye simu chagua kuusahau mtandao, ujiunge upya. Nywila ya Wi-Fi iliyobadilishwa majuzi nayo huleta dalili zinazofanana na hizi kwenye baadhi ya vifaa, kwa hiyo iandike upya kwa uangalifu. Kama vifaa vyote vinakosa, ingia kwenye ruta kwa kujiwekea anwani ya mkono ya ukoo wake, uangalie kama ugawaji wa DHCP umezimwa au kama anwani za kugawa zimekwisha.

Kwa wanaotumia waya: chomoa na uchomeke upya pande zote mbili, na ujaribu tundu jingine la ruta. Kishikio cha plastiki kwenye kichwa cha waya kikivunjika, waya unaonekana umekaa kumbe umelegea.

Umeme ukikatika na kurudi, intaneti inakuwa ya ajabu: mara ipo, mara haipo. Kwa nini?

Hili ni swali la kwetu hasa, na lina maelezo mazuri.

Ruta nyingi za bei nafuu huhifadhi orodha ya wapangaji, yaani vifaa vilivyopewa anwani, kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Laptopu yenye betri haizimiki. Inaendelea kuamini kuwa 192.168.1.102 ni yake kwa saa kadhaa zijazo, na kwa kweli ni yake. Umeme unaporudi, ruta inaamka haina kumbukumbu yoyote, na televisheni inaamka nayo ikiomba anwani. Ruta inaweza kuipa 192.168.1.102.

Ruta yenye programu nzuri hujaribu kuiita anwani kabla ya kuigawa: ikijibiwa, inaruka na kuchagua nyingine. Hapo ndipo fayawoli inapoingia bila kukusudia. Windows ikiwa imeambiwa kwamba mtandao wa nyumbani ni mtandao wa umma, kwa kawaida haijibu wito huo. Ruta inaona kimya, inahitimisha kwamba anwani haina mtu, inaigawa. Televisheni za kisasa hufanya ukaguzi wa mwisho zenyewe na kuikataa anwani yenye mwenyewe, lakini si kila kifaa kinafanya hivyo.

Dalili zake ni hizo ulizoeleza: vifaa viwili vinapokonyana pakiti (vipande vya data), kila kimoja kinapata intaneti kwa dakika chache. Zima Wi-Fi ya vifaa vyote halafu uwashe kimoja kimoja, ili kila kimoja kiombe upya. Kwa muda mrefu, vitengee anwani vifaa visivyohama, kama inavyoelezwa kwenye swali la printa hapa chini, na uiwekee ruta betri ndogo ya akiba. Betri hizo hazina bei kubwa na ruta hula umeme kidogo. Soma tu maandishi yaliyo chini ya ruta kabla ya kununua: nyingine hutaka volti 9, nyingine volti 12, na kuiwekea volti 12 ruta ya volti 9 ni kuiunguza.

Ukisoma kumbukumbu za ruta baada ya umeme kurudi, usishangae kuona tukio la mwaka 1970. Ruta nyingi hazina betri ya saa. Huanza na tarehe ya uongo hadi zitakapopata saa sahihi kutoka intaneti kupitia poti 123 ya UDP. Ukiwa umezuia poti hiyo, tarehe itabaki mbovu na sheria zako za "zuia watoto baada ya saa tatu usiku" hazitafanya kazi unavyotaka.

Wageni wakija, wengine wanakosa kuunganishwa. Ruta imechoka?

Haijachoka, anwani zimekwisha. Tazama kwenye mipangilio ya DHCP anwani ya kwanza na ya mwisho. Ruta iliyopangiwa kugawa kutoka 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149 ina anwani 50 tu, na kwenye nyumba yenye wapangaji wanaochangia Wi-Fi moja hizo huisha.

Simu za sasa zimeongeza tatizo. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hujitambulisha kwa ruta kwa anwani bandia ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa, si ile ya IP) badala ya ile ya kiwandani. Ni kinga nzuri ya faragha barabarani na hotelini. Nyumbani, simu ikibadilisha anwani hiyo bandia, ruta huiona kama mgeni mpya na kuipangisha tena, huku pango la awali likiendelea hadi muda wake uishe.

Panua wigo, tuseme kutoka .20 hadi .250, na ufupishe muda wa pango. Nyumba ya familia inakwenda vizuri na saa 24. Mgahawa, ofisi ya chama au nyumba ya wapangaji wengi, saa moja au mbili. Usishuke hadi dakika mbili kama wengine wanavyoshauriana. Vifaa vitakuwa vinaomba anwani kila wakati, na ruta ikizubaa kidogo tu kila mtu anakatika.

Printa ilikuwa inachapa, leo kompyuta inasema haipo.

Imepangishwa anwani nyingine. Kompyuta inaitafuta pale ilipokuwa.

Nenda kwenye orodha ya vifaa ndani ya ruta, chagua printa, uitengee anwani yake. Napendelea njia hii kuliko kuandika anwani kwa mkono ndani ya printa, kwa sababu ruta inajua kwamba anwani hiyo ina mwenyewe na haitampa mwingine. Ukiandika kwa mkono, chagua iliyo nje ya wigo wa kugawa.

Fanya hivyohivyo kwa kifaa chochote ulichokiandikia sheria ya fayawoli. Sheria inayozuia 192.168.1.37 haijui kwamba ulikusudia kishikwambi cha mtoto. Wiki ijayo anwani hiyo ikienda kwa laptopu ya kazi, laptopu ndiyo itakayofungiwa, nawe utamlaumu mtoa huduma bure.

Nilinunua ruta ya pili ili mawimbi yafike chumbani. Tangu hapo kila kitu kinavurugika.

Ruta zote mbili zinagawa anwani. Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa, kwa hiyo leo utapata anwani sahihi na kesho ya ruta isiyo na intaneti. Kwenye `ipconfig /all` kuna mstari unaotaja seva ya DHCP, yaani kifaa kilichokugawia anwani. Ukiona anwani isiyo ya ruta yako kuu, umempata.

Ingia kwenye ruta ya pili, uipe anwani ya ukoo wa ile kuu lakini nje ya wigo, kwa mfano 192.168.1.2, kisha uzime DHCP yake. Waya utoke tundu la kawaida la ruta kuu uingie tundu la kawaida la ruta ya pili, si lile tundu la intaneti ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Tangu hapo ruta ya pili inatoa mawimbi tu.

Faili kubwa linafika asilimia 90 linakatika, nalazimika kuanza upya. Bando linakwisha.

Kuanza upya si lazima kila mara. Itifaki ya HTTP (kanuni zinazotumiwa na tovuti) inamruhusu mpakuaji kuomba kipande tu cha faili, kuanzia pale alipoishia. Uliza kwanza seva, yaani kompyuta yenye faili hilo, kama inakubali, kwa `curl`, programu ya kupakua kwa amri:

`curl -I` ikifuatiwa na kiungo cha faili.

Majibu yakiwa na mstari `Accept-Ranges: bytes` na `Content-Length` yenye ukubwa wa faili, uko salama. Tumia `wget -c` (programu nyingine ya aina hiyo) au `curl -C - -O` ukiwa kwenye folda ilipo nusu ya faili, nayo itaendelea. Seva ikikubali hujibu kwa namba 206. Ikijibu 200 maana yake inaleta faili zima kuanzia mwanzo, basi simamisha kabla hujapoteza bando. Vivinjari navyo vina kitufe cha kuendelea, ila mara nyingi vinashindwa kama kiungo kilikuwa cha muda. Tovuti nyingi za kuhifadhi mafaili hutoa viungo vinavyokufa baada ya saa chache. Katika hali hiyo rudi kwenye ukurasa, uchukue kiungo kipya, na utumie `wget -c` pamoja na `-O` na jina lilelile la faili uliloanza nalo.

Angalia pia unakohifadhi. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi hata ikiwa na nafasi ya GB 64. Upakuaji unaokufa kila mara karibu na GB 4 hauna uhusiano na intaneti kabisa. Ifomati kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo.

Upakuaji unakatika kila baada ya muda uleule. Kuna nini?

Mpangilio wa saa ni ushahidi mkubwa, kwa hiyo andika nyakati unazokatika, kisha ulinganishe na muda wa pango. `ipconfig /all` huonyesha pango lilianza lini na linaisha lini.

Kuongezewa muda kwa anwani ileile hakukati chochote. Kinachokata ni kubadilishiwa anwani, kwa sababu muunganisho wa TCP, unaobeba upakuaji wako, unatambuliwa kwa anwani na poti za pande zote mbili. Moja ikibadilika, seva haikujui tena. Kwa hiyo ukiona unakatika muda wa pango unapoisha, na anwani ya baadaye si ya mwanzo, chanzo ni kwamba maombi ya kuongeza muda hayajibiwi.

Kwa watumiaji wa Linux waliojiandikia sheria kali, kuna mtego ambao umewatesa wengi. Baadhi ya programu za DHCP hupata anwani ya kwanza kwa njia inayopita chini ya fayawoli, kwa hiyo kila kitu kinaonekana sawa ukiwasha kompyuta. Ombi la nusu ya muda, ambalo huenda kwa ruta moja kwa moja, linapita njia ya kawaida, na sheria yako ya kuzuia kila kinachotoka inalizuia. Kumbukumbu za mfumo zitaonyesha DHCPREQUEST ikijirudia bila jibu. Ruhusu UDP kutoka poti 68 kwenda poti 67 ya ruta na mistari hiyo itakoma.

Kama anwani ya ndani haibadiliki kabisa na bado unakatika, geukia anwani ya nje ya ruta, ile inayopewa na mtoa huduma. Intaneti ya laini ya simu inaweza kubadilishiwa anwani ruta inapojiunga upya na mnara.

Faili limekamilika lakini halifunguki.

Linganisha alama ya SHA-256 (msimbo unaotokana na yaliyomo kwenye faili) iliyoandikwa kwenye tovuti na ya faili lako. Windows: `certutil -hashfile jina-la-faili SHA256`. Linux: `sha256sum jina-la-faili`. Herufi moja ikitofautiana, faili si lile. Kabla ya kulaumu mtandao angalia ukubwa wake: faili la programu lenye KB 3 mara nyingi ni ukurasa wa kuingilia wa Wi-Fi ya hoteli uliohifadhiwa kwa jina la faili.

Kurasa nyepesi zinafunguka, nzito zinaganda. Na ujumbe unaenda lakini picha haiendi.

Huenda pakiti zako ni kubwa kuliko njia. Ethaneti hubeba baiti 1500, lakini muunganisho wa PPPoE, unaotumiwa na baadhi ya watoa huduma, hubakisha 1492. Kwa kawaida kifaa kilicho njiani hurudisha ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za hali ya mtandao) kusema "punguza ukubwa". Mtu aliyezuia ICMP yote kwenye fayawoli akidhani anajilinda, ameuzuia na ujumbe huo, na pakiti kubwa zinapotea bila taarifa.

Kwenye Windows jaribu `ping -f -l 1464 1.1.1.1` (1.1.1.1 ni seva ya umma kwenye intaneti). Hiyo ni pakiti ya 1492 ukijumlisha vichwa vya baiti 28. Ikigoma, teremka hadi ipite, ongeza 28, na uandike namba hiyo kwenye sehemu ya MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya ruta. Na ufute ile sheria ya kuzuia ICMP yote. Kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani, kuizuia ni hatari zaidi, kwa kuwa hata kutafutana kwa majirani kunategemea ICMPv6.

Nizime fayawoli nione kama ndiyo inayozuia?

Napinga ushauri huo, hata kama ndio unaotolewa haraka zaidi. Wengi huzima na hawawashi tena. Zaidi ya hayo, jibu unalopata halikusaidii kujua ni sheria ipi.

Kwenye Windows angalia kwanza kama mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa umma. Kuubadilisha kuwa binafsi hutatua matatizo mengi ya printa na ya kushirikiana mafaili. Halafu kumbuka kwamba kwenye Windows sheria ya kuzuia hushinda ya kuruhusu. Ukiwahi kubonyeza kukataa kwenye dirisha lililokuuliza kuhusu programu fulani, sheria hiyo ya kuzuia bado ipo, na hakuna ruhusa mpya itakayoishinda hadi uifute.

Linux inayotumia fayawoli ya `ufw` ni tofauti: sheria ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Andika `sudo ufw status numbered`. Ruhusa iliyoko namba 7 haina kazi kama namba 3 imeshazuia kitu hichohicho.

Nimefungua poti kwenye ruta ili nione kamera nikiwa safarini, lakini haiingiliki.

Soma anwani ya nje ya ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ni hali ya kawaida kwa intaneti ya laini za simu. Hakuna poti utakayoifungua kwenye ruta yako itakayosaidia, kwa kuwa mlango wa nje si wako. Uliza kama wanauza anwani ya umma, au tumia VPN (njia ya siri kupitia intaneti) kama WireGuard kupitia seva iliyo nje.

Hata ukiwa na anwani ya umma, nakusihi utumie VPN badala ya kufungua poti ya kamera. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu nywila za kiwandani kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuendesha kifaa ukiwa mbali, poti 23. Mwaka 2017 WannaCry ilisambaa kupitia poti 445 ya kushirikiana mafaili ya Windows. Poti hizo mbili, pamoja na 3389 ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, zisionekane kamwe kutoka nje ya nyumba yako. Zima pia UPnP kama huna kifaa kinachoihitaji, maana huruhusu vifaa vijifungulie poti vyenyewe.

Nitajuaje kama tatizo ni langu au la mtoa huduma?

Ita ruta kwanza: `ping 192.168.1.1`. Isipojibu, tatizo ni la ndani. Ikijibu, ita `ping 1.1.1.1`. Ikigoma hapo, tatizo limevuka ruta. Zote zikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, badilisha seva ya DNS, ile inayogeuza majina kuwa anwani.

Wakati mwingine tatizo liko mbali sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na watu wa Tanzania, Kenya na nchi jirani walibaki na intaneti dhaifu bila ruta zao kuwa na kosa lolote.

Unapompigia mtoa huduma, uwe na vitu hivi karibu: saa tatizo lilipoanza, anwani ya nje ya ruta, majibu ya zile ping mbili, na kama umejaribu kwa waya. Mtoa huduma akikuambia uzime ruta na kuiwasha, mwambie umeshasoma anwani, na umtajie.